Kireno: «sete horas» ya Lisbon na ya Rio

SWALI: Wahariri, najifunza Kireno hapa Lubumbashi kwa sababu biashara inanipeleka Luau, Angola, ng'ambo ya Dilolo. Rekodi ya Lisbon inasema «sete horas» (saa saba, kwa hesabu ya Kireno) kama «setórash», ya Rio «sechyórash». Nifuate ipi? (Msomaji, Katuba)

JIBU: Ndugu yetu, zote mbili ni sahihi. H haitamkwi, kwa hiyo e ya «sete» inakutana na o ya «horas». Lisbon, e ya mwisho isiyo na mkazo ni hafifu mno. Ikifuatwa na irabu, inaanguka. Brazili hutamkwa i, na mbele ya irabu inakuwa y. Rio tena hugeuza t kuwa ch mbele ya i hiyo. Recife, mji mwingine wa Brazili, wengi huiacha t ilivyo.

O ya mwisho haisumbui. Hutamkwa u, kisha w: «o amigo» ni «wamigu», Lisbon hata Rio, sawa na mu-ana anavyokuwa mwana.

A ndiyo inayotaka sikio. Katika «casa amarela», a mbili zinakuwa moja. Lisbon kila moja peke yake hufumbwa, yaani kinywa hakifunguki sana, lakini zikiungana hutoa a iliyo wazi kabisa. Usiifumbe: uwazi huo ndio unaotofautisha «à», ambayo ni a mbili zilizoungana, na «a» moja. Kaskazini mwa Ureno, Porto na Minho, a ya pili ikiwa na mkazo wengi hupachika y: «a água» inasikika «ayágwa». Brazili a huweza kudondoka, «blusa usada» ikawa «bluzuzada», kwa kuwa u inayofuata haina mkazo. Katika «compra ovos» mkazo uko kwenye o, basi a ibaki. Ukiidondosha, anayekusikia hajui kama ni «compra», ananunua, au «compro», ninanunua.

Kwa mazoezi, pigia mstari irabu ya mwisho ya neno la kwanza, weka alama kwenye silabi yenye mkazo ya neno la pili, kisha soma polepole bila kukata pumzi kati yake. Kifaransa kisikudanganye: chenyewe huandika apostrofi, Kireno mara nyingi huandika «de água» kamili hata pale sikio linaposikia «dágwa».

Kwa Luau, shika kanuni za Lisbon, ila usimeze irabu kupita kiasi. Waangola kwa kawaida huzitamka wazi zaidi. Rekodi za redio ya Luanda zitakufaa kuliko hizo mbili.