Kile cheupe juu ya mnara si moshi

Swali: Nimeanza kupiga picha za mandhari ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe na machimbo yaliyo kando yake. Uchafuzi nauona kwa macho, lakini picha zinatoka bapa, za kijivu, zimejaa utusitusi. Moshi wa ile minara mikubwa nao unatoka mweupe kama pamba, hautishi. Nimeshauriwa ninunue filta ya polaraiza na kifurushi cha mipangilio ya kuhariri, ili ukungu uondoke na moshi uwe mzito. Nianze na kipi?

Jibu: Usinunue hata kimoja, ndugu yangu. Huo utusitusi unaotaka kuufuta ndio ulioufuata pale. Chembe za vumbi na masizi zilizotanda hewani hutawanya mwanga, na ndizo zinazofifisha vilima vya nyuma. Filta ya polaraiza hukata sehemu ya mwanga huo, hasa jua likiwa ubavuni mwako. Utarudi nyumbani na mbingu ya buluu iliyokolea juu ya machimbo, yaani hewa chafu umeisafisha kwa kipande cha kioo. Kitufe cha kuondoa ukungu kwenye programu za kuhariri kinafanya kosa lilelile.

Ukitaka utando uonekane, nenda jua likiwa chini, elekeza kamera upande linakotokea, na utafute kitu cheusi nyuma ya utando: mteremko ulio kivulini, ukuta wa kituo, msitu. Chembe za namna hiyo husukuma mwanga mwingi zaidi mbele kuliko nyuma, kwa hiyo zitang'aa tabaka kwa tabaka. Usiiachie kamera iamue yenyewe nyeupe ni ipi. Ikiachiwa, hudhani wekundu wa tope au ukahawia wa hewa ni dosari, ikaufuta. Piga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), kisha rangi uiweke mwenyewe kwa kufuata ulichokiona.

Na ubapa usikukoseshe usingizi. Bernd na Hilla Becher, mume na mke Wajerumani walioanza mwaka 1959 kupiga picha za matanuri ya chuma, minara ya maji na matangi ya gesi, waliitafuta mbingu ya mawingu makusudi, ili kivuli kisifiche bomba wala ngazi. Ubapa huo ndio unaowezesha picha zao kupangwa ubavu kwa ubavu, mtazamaji akalinganisha umbo na umbo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, maana naletewa picha zenye kosa hili kila mara. Ile minara mipana iliyobanwa kiunoni haitoi moshi. Ni minara ya kupoozea maji. Maji yaliyobeba joto la mtambo hunyunyiziwa ndani yake, sehemu yake hugeuka mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa baridi juu unakuwa matone madogo, sawasawa na wingu. Vituo vingi vya nyuklia, ambavyo havichomi makaa kabisa, vina minara hiyohiyo na mawingu hayohayo. Gesi za makaa hutokea kwenye dohani, lile bomba refu jembamba, na hata huko, zikiwa zimesafishwa kwa maji, hutoka nyeupe kwa sababu ya mvuke. Hewa ya ukaa yenyewe haina rangi. Hakuna lenzi itakayoinasa.

Ukitaka kutofautisha, fuata wingu hadi linapoishia. Mvuke hukatika na kupotea hewani, ilhali moshi huendelea kuwa mstari wa kijivu au wa kahawia hadi mbali. Tena ukubwa wa wingu la mnara unakueleza zaidi hali ya hewa. Alfajiri ya baridi na unyevu litajaza fremu nzima. Adhuhuri kavu ya joto, kituo kikizalisha umeme uleule, huenda usilione.

Halafu anakuja mtu kuuza "mwonekano wa viwanda". Ujanja wake ni mmoja: simama uelekee jua, punguza mwanga, na mvuke mweupe utageuka mweusi kama lami. Ongeza kontrasti, paka machungwa kidogo kwenye mbingu, tayari una jehanamu. Mimi siuiti huo uhariri, nauita uongo, na anayeumia ni yule anayeishi chini ya dohani. Msemaji wa kiwanda hahitaji hata dakika: atasema, na atakuwa sahihi, kwamba hayo ni maji. Kuanzia hapo kila picha yako itatiliwa shaka, pamoja na zile za kweli.

Na za kweli hazihitaji kukolezwa. Mwaka 1996 Edward Burtynsky alipiga picha karibu na Sudbury, Kanada, ambako maji kutoka kwenye mabaki ya machimbo ya nikeli yalikuwa ya rangi ya chungwa iliyowaka, kwa sababu ya chuma kilichopata kutu ndani yake. Kila mto unaopakwa rangi hiyo kwenye kompyuta unampa mtazamaji sababu ya kutoyaamini maji yale ya Sudbury.

Kwa hiyo kwenye kituo chako inamisha kamera. Tafuta bwawa la majivu: majivu ya makaa huwa na aseniki, risasi na zebaki, na ukingo ambapo bwawa linakutana na majani unaeleza zaidi ya wingu lolote. Minara ukiipiga, pima mwanga kwa sehemu nyeupe zaidi ya mvuke ili isiungue, yaani isiwe doa jeupe tupu, tumia kasi ya 1/500 ya sekunde ili kingo zake zisilainike kuwa pamba, na chini ya picha uandike saa, halijoto na neno "mvuke".