Usiombee kitu ambacho nauli ya matatu ingekujibu

Dada uliyeanzisha uzi huu wa kuomba ushauri, weka kalamu chini kwanza. Umeuliza mengi kuhusu mchumba wako: anavyomfokea makanga, simu inayolazwa kifudifudi, wazazi wasiomwelewa, harusi ifanyike kanisa gani. Mimi nimekwama pale uliposema, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa Ijumaa unamdhamini mkopo wa Sacco, na ile nyumba anayojenga Ruai, pembezoni mwa Nairobi, hujaiona bado ila "unaendelea kuomba".

Hata mimi niliomba. Siku 21, uji jioni tu. Nilipungua kilo sita, na hiyo ndiyo faida pekee niliyopata kwenye ule uchumba.

Wangu alikuwa mwimbishaji wa sifa. Ploti yake ilikuwa Joska. Kila nikitaka kuiona, mara mvua imeharibu barabara, mara fundi ameenda kwao, mara ananiandalia zawadi ya harusi. Nikamwomba namba ya ploti nikaulize ofisi ya ardhi, akaniuliza taratibu tu kama siku hizi nimepungukiwa imani. Nikamwomba msamaha. Mimi ndiye niliyeomba msamaha, jameni!

Siku ya kutia sahihi tulipanda hadi ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Kijana wa dirishani akaigeuza fomu upande wangu, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa chini: akopaye asipolipa, akiba ya mdhamini italipa. "Madam, hapa umesoma?" Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kumwangalia mwenzangu. Mwenzangu akacheka: "Bwana, huyu ni mke wangu." Neno "mke" likanilewesha. Nikatia sahihi laki nne.

Akalipa miezi mitatu. Wa nne mshahara umechelewa, wa tano simu haishikiki. Akiba yangu ya miaka sita ikaliwa, na Sacco hawana kosa, walinionyesha mstari.

Ninayemkasirikia ni yule mama wa ushauri kanisani. Nilimpelekea haya yote kabla ya kutia sahihi, kwa machozi. Akanifungulia Wakorintho wa Kwanza 13: upendo huamini yote, hustahimili yote. Akaongeza kwamba shetani anapigana na ndoa yangu. Kumbe mstari wa juu yake tu, wa sita, unasema upendo hufurahi pamoja na kweli. Aliruka mstari mmoja, mimi nikalipa laki nne. Mithali 22:3 nayo inasema mwenye busara huyaona mabaya na kujificha. Huyaona, dada. Kwa macho. Na mambo ya kumdhamini mtu Mithali imeyakataza tena na tena, lakini hayo huyasikii kwenye semina za wachumba, huko tunafundishwa rangi za harusi.

Maombi ni ya yale usiyoweza kwenda kuyaangalia. Ya kuangalia, nenda.

Mimi nilienda pesa zikiwa zimeshaliwa. Nilimchukua binamu yangu, tukapanda gari la Kangundo Road, nikiwa na picha ya ploti aliyonitumia WhatsApp. Tukaupata ule mti wa kwenye picha. Chini yake mzee alikuwa amefunga mbuzi wawili. Akaitazama simu yangu kwa muda, akasema shamba ni la babake, halijawahi kuuzwa, ila kuna kijana aliwahi kuja kupiga picha akasema anapenda mandhari. Akatupa maji ya kunywa. Tulienda na kurudi kwa pesa ambazo hazifiki elfu moja, watu wawili.

Ruai ni karibu kuliko Joska. Kesho asubuhi panda gari, usimwambie, na uende na mtu. Fomu ya Ijumaa itangoja.

Hayo ya kanisa gani sijui, wengine watakujibu.