Dadangu, usianze na vile vitabu vya takwimu

Umesema ulianza kitabu cha mabadiliko ya tabianchi ukakifunga njiani, takwimu zimekujaza hofu na hujui ushike kipi. Mi naona hicho kiweke kando kwanza, anza na Unbowed cha Wangari Maathai, kilitoka 2006, yeye alisomea baiolojia na humo anaeleza mkuyu wa kwao aliokatazwa na mamake kuokota kuni zake, baadaye ukakatwa na kijito kilichokuwa karibu kikakauka, nilipofika hapo nikarudia kurasa zile mara tatu wallahi. Pale ndo utaona sayansi na heshima ya mtu haviachani, maana maji yakipotea anayetembea mbali na mtungi ni mama wa kijijini.

Halafu usisome peke yako. Ami yangu mvuvi huku Mji wa Kale hajasoma hata kimoja lakini alinambia 1998 alichungulia chini akaona matumbawe meupe pepepe kama chokaa, nami katika kitabu chengine nikakuta mwaka huohuo bahari ilipata joto kwa El Niño, matumbawe yakatoa vile vimwani vidogo vinavyoyapa rangi na chakula, mengi yakafa. Nilipomsomea alinyamaza kidogo kisha akasema "kumbe si mimi pekee nliyeona". Ujuzi wake nao ni elimu jamani, vitabu vingi vinausahau na hilo laniuma sana.

Ukimaliza hicho cha Wangari niandikie inbox, nina vyengine viwili nitakuazima.