Ndugu walio Nyanda za Juu Kusini na kibali cha usalama cha Marekani

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wenye ndugu Marekani wanaoomba kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali ya huko. Wengi wanaogopa wao ndio kikwazo.

Mwanangu ni raia wa Marekani, ameitwa kazini kwenye kampuni inayohudumia jeshi la huko. Tangu aanze kujaza fomu hanipigii simu. Mkewe anasema kuongea na sisi kutamharibia. Ni kweli? – Mama, Tukuyu

Shikamoo, mama. Si kweli, na naomba jibu hili umfikishie. Mwongozo wa Marekani wa kupima waombaji wa kibali, unaotumika tangu Juni 2017, una vigezo 13, na kinachogusa familia iliyo nje ni kigezo B. Wanachotafuta maofisa wa huko ni kama kuna mtu anayeweza kumbana mwanao kupitia kwako. Wataangalia kama unafanya kazi serikalini, jeshini au usalama wa taifa, na uhusiano wa nchi yetu na Marekani. Kisha watapima mizizi aliyoiweka kule: mke, watoto, nyumba, miaka ya kazi. Uamuzi ni wao na siwezi kukuahidi kitu, ila kuwa na mama Tukuyu si kosa.

Kunyamaza hakumsaidii hata kidogo. Fomu yenyewe, SF-86, inadai jina lako, ulipozaliwa, uraia, anwani na shughuli yako, pamoja na mnavyowasiliana na mara ngapi. Hata mzazi aliyefariki huandikwa. Basi akupigie kama zamani, na aandike kwamba anakupigia. Inaniuma kuona mzazi anakatiwa simu kwa uvumi.

Kaka yangu hakumwandika mtoto wa baba mdogo, ambaye ni askari magereza. Tulilelewa naye nyumba moja. – Mwalimu, Makambako

Sehemu ya 18 ya fomu haihesabu ukoo kama sisi: inataka wazazi, walezi, watoto, ndugu wa baba au mama mmoja, wa kambo, na wakwe. Mtoto wa baba mdogo hayumo. Lakini sehemu ya 19 inamtaka kila raia wa kigeni, yaani asiye Mmarekani, ambaye mwombaji amekuwa naye karibu katika miaka 7 iliyopita, kwa upendo, maslahi au wajibu. Kama bado wanachati WhatsApp na kupeana habari za nyumbani, aingie hapo, na kazi yake ya magereza itajwe waziwazi.

Kaka asahihishe mwenyewe, mapema, kabla hajaulizwa. Aliyesahau akarekebisha kwa hiari huhesabiwa nia njema. Kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni jinai, kifungo hadi miaka 5, na wengi waliokuwa na ndugu wasio na tatizo lolote hujiharibia hapo.

Dada hututumia ada na hela ya mbolea kila msimu. – Mafinga

Aendelee. Fomu inauliza kama amewahi kumsaidia kifedha raia wa kigeni, basi ajibu ndiyo, ataje nani na kiasi gani. Atunze risiti za kutuma. Kama ana kiwanja au shamba huku, nalo aliandike.

Baba mkwe wa mdogo wangu anaishi Nakonde, upande wa Zambia. – Tunduma

Aandike uraia halisi wa mzee, si wa kukisia. Ampigie amuulize.

Kuna mtu anataka laki tatu eti "afuatilie kibali" cha mwanangu mwenye green card (ruhusa ya kuishi Marekani kwa kudumu bila kuwa raia). – Uyole

Usitume hata shilingi. Mwombaji halipii kibali. Mwajiri ndiye anayeanzisha ombi, na gharama za upekuzi hubebwa na serikali ya Marekani. Tena kibali hicho ni cha raia, mwenye green card hakipati. Kama alikutumia ujumbe, utume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha ukatoe taarifa polisi ukiwa na namba yake.