Kasha la bibi: usikubali msasa

Dada yangu, pole kwa kufiwa na bibi. Umesema kasha alilokuachia hapo Bagamoyo limeingia weusi kwenye misumari na mabamba ya shaba, na fundi anataka kulipiga msasa kisha rangi ya dhahabu. Nakuomba umzuie. Msasa ukishakula nakshi, hairudi tena.

Kwanza weka sumaku. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa shaba, na ganda lake ni jembamba. Futa kwa kitambaa laini na sabuni ya maji, basi. Isiponata, endelea.

Ingiza kipande cha plastiki ngumu chini ya ukingo wa bamba ili mbao isilowe. Kata ndimu, nyunyizia chumvi laini, jaribu kwanza sehemu ya nyuma. Sugua taratibu, dakika moja mbili, weusi utaanza kuachia na manjano kutokeza. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha papo hapo.

Usiiache asidi ikakaa. Mimi niliwahi kupaka ukwaju kwenye bawaba za marehemu baba nikalala. Asubuhi zilikuwa na mabaka mekundu, maana shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na asidi hutoa zinki na kubakiza hiyo nyekundu. Inaniuma mpaka leo.

Weusi ulio ndani kabisa ya michoro uache, ndio unaoonyesha maua yake. Malizia na nta ya nyuki, kidogo sana, iikinge shaba, kwa sababu upepo wa bahari hapo una chumvi.