Kwa nini mzazi anayetokwa na damu hutiwa sindano nene mikono yote miwili

Ndugu uliyeuliza kuhusu dada yako, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema kajifungua salama, kisha damu ikaanza kumtoka nyingi. Tayari alikuwa na sindano ndogo mkononi na maji yanaingia, lakini wauguzi wakamchoma nyengine mbili kubwa, mkono huu na huu, mwenyewe akilia. Unataka kujua kama ule ulikuwa ukatili. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi huku Pemba miaka 26, nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka wangu wa kwanza, zamu ya usiku, nilikuwa na mzazi wa mimba ya sita. Kondo limetoka zima, lakini tumbo bado laini kama unga uliozidi maji, na damu haikati. Mkononi ana kanula, kijibomba cha kupitishia maji mshipani, ya buluu, ile nyembamba tunayowatia watoto. Nimefungua dripu mpaka mwisho, haiendi ninavyotaka. Nikaitoa chupa kwenye stendi, nikaitundika kwenye msumari juu ya dirisha, nikiamini maji yakiwa juu yatashuka kwa kasi kama ya tangi la paani. Mtu wa ganzi akaingia, mzee mpole. Hakuitazama chupa, aliutazama mkono. "Mwanangu, shida haiko juu, iko hapa," akaweka kidole kwenye kanula. Akatia ya kijivu, ile nene, mkono wa pili. Pale kwenye kichupa cha matone hapakuwa na matone ya kuhesabu tena, yalikuwa uzi mmoja.

Sikulala siku ile mpaka nielewe. Skuli tulisoma, lakini ilipita. Daktari wa Kifaransa, Jean Poiseuille, alitaka kujua damu inapitaje kwenye mishipa midogo, akapitisha maji kwenye vijibomba vyembamba vya kioo akipima, na matokeo yake yakachapishwa miaka ya 1840. Msukumo ukiongezeka mara mbili, kinachopita kinaongezeka mara mbili. Bomba likirefuka mara mbili, kinapungua nusu. Lakini upana ukiongezeka mara mbili, kinachopita kinaongezeka mara 16. Yaani 2 × 2 × 2 × 2. Sababu ni kwamba maji yanayogusa ukuta wa bomba hunata hapo, hayaendi; yanayokwenda mbio ni ya katikati. Njia ikiwa nyembamba sana, karibu maji yote yako jirani na ukuta. Damu ndiyo zaidi, maana inanata mara tatu au nne kuliko maji.

Kwa hiyo ule msumari wangu wa dirishani ulinipa nusu mita ya ziada, basi. Kanula ya buluu hupitisha kama mililita 36 kwa dakika, ya kijivu, ambayo upana wake ni karibu mara mbili, hufika 180 na kupita. Si mara 16 kamili, kwa sababu mpira wa dripu nao unazuia na maji yakienda kasi huvurugika, lakini hesabu mwenyewe: lita moja kwa buluu ni karibu nusu saa, kwa kijivu haifiki dakika 6. Na mimba ikitimia, mji wa mimba unapitiwa na damu nusu lita au zaidi kila dakika, na mwili mzima wa mtu mzima una kama lita 5 tu. Nusu saa hatunayo.

Huenda ulimwona mkunga pia akimsugua tumbo kwa nguvu, ukaona mateso juu ya mateso. Ni sheria ile ile, imegeuzwa. Nyama ya mji wa mimba imeizunguka mishipa inayokwenda pale kondo lilipokuwa, ikikaza, inaibana. Mshipa ukibaki na nusu ya upana wake, kinachopita ni fungu 1 katika 16. Sindano ya oksitosini inafanya kazi hiyo hiyo ya kukaza. Chini tunabana njia, mkononi tunapanua njia, kwa wakati mmoja.

Na kwa nini hawakungoja kuona kama ile ndogo ingetosha? Kwa sababu mwili unaopoteza damu nao unabana mishipa yake ya mikononi ili moyo na ubongo vipate. Mkono unakuwa baridi, mshipa unazama, na hapo hata fundi atachoma mara nne asiupate. Waliomchoma dada yako mapema walikuwa wanajua hilo. Nilichoona kimekosekana ni mtu wa kumwambia, hata kwa neno moja, "dada, tunakuchoma kwa sababu hii." Hilo unayo haki ya kulilalamikia.

Alama za buluu mikononi zitaondoka kwa wiki moja au mbili. Pakivimba, pakawa pamoto na pekundu, arudi hospitali. Na akishika mimba nyengine, amwambie mkunga tangu kliniki ya kwanza kwamba alitokwa na damu, na ajifungulie penye akiba ya damu, si nyumbani.