Mbona yule bibi wa piano hapigi peke yake?

SWALI: Assalaam alaykum. Mie kijana wa Wete, Pemba, najifunza kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Siku hizi usiku bando langu lote linaishia YouTube kwenye konseti za yule bibi wa Argentina mwenye nywele nyingi nyeupe, Martha Argerich. Wanasema hana mfano kwenye piano. Lakini karibu kila klipu yuko na okestra, au kakaa na mpiga fidla, au piano mbili na mwenziwe. Hivi mbona hapigi peke yake stejini kama wengine, uzee au anaogopa? Na jengine, kwenye konseti zile mtu anaruhusiwa kutunza, kumpa msanii pesa huku anapiga, kama kwenye taarab?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Barua yako nimekaa nayo siku tatu, maana bibi huyu mie nampenda sana na sikutaka kukujibu mbiombio.

Uzee sio. Kazaliwa Buenos Aires mwaka 1941, na hili la kupiga karibu siku zote na wenzake kalianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapo hata 45 hajafika na mikono inawaka moto. Wala kuogopa kwa kutojua sio, maana mwaka 1957 akiwa na miaka 16 tu alishinda mashindano mawili makubwa, la Geneva na la Busoni kule Italia, halafu 1965 akashinda lile la Chopin mjini Warsaw na toka hapo kila ukumbi mkubwa duniani ukamtaka. Ila mwenyewe kasema zaidi ya mara moja kwamba akiwa peke yake stejini anajihisi mpweke. Basi, hilo tu.

Na mie namfahamu kabisa. Hebu ona lile piano la konseti, urefu karibu mita 2 na sentimita 74, uzito kama kilo 480, limewekwa ubavu, mtu anakaa hapo saa nzima na zaidi, huko kwenye viti kiza na watu kimya, hana wa kumtupia jicho hata mmoja. Sisi wa taarab hatuyajui hayo. Ukiteleza kwenye kanuni akodiani anakudaka, mpiga fidla anakutazama kidogo, mnacheka kwa macho mnaendelea, na msikilizaji hana habari. Kwanza hiyo konseti ya mtu mmoja usidhani ni mila ya tangu na tangu, aliyeitia nguvu ni mpiga piano Franz Liszt, kwenye miaka ya 1840 hivi. Kabla yake konseti ilikuwa mchanganyiko, mwimbaji huyu, fidla yule, piano kidogo, okestra, karibu na mambo yetu. Kwa hiyo bibi hajavunja kitu, karudi kwa watu. Mwaka 2000 pale Carnegie Hall, New York, nusu ya kwanza alipiga peke yake, watu hawakuamini, na nusu ya pili akawaita wenzake wakamaliza pamoja!

Sasa nakupa kazi. Tafuta konseto, yaani muziki wa piano na okestra, ya mtunzi Ravel, ya G, ile aliyorekodi Berlin mwaka 1967, okestra anaiongoza Claudio Abbado. Sehemu ya mwanzo inafunguka kwa mlio kama wa kiboko cha kuchapia, paa! hiyo utaipenda mwenyewe sina haja ya kukwambia. Wewe nenda sehemu ya pili, ile ya polepole. Piano inaanza peke yake kama dakika 3 nzima, mkono wa kushoto hauachi mwendo wake ule ule na wa kulia unaimba, wimbo mrefu hautaki kukatika, unasema sasa atapumua, hapumui. Halafu filimbi inaingia taratibu. Mbele zaidi ule ule wimbo unarudi lakini safari hii anaupiga mwengine, ala ya kizungu ya ulimi wa mwanzi, jamaa wa zumari letu, na Martha anaacha kuimba anamzunguka na vijinoti vidogo vidogo laini juu yake, kama kanuni inavyompambia mwimbaji bila ya kumfunika. Mie niliisikiliza kwa hedifoni nimekaa barazani Malindi usiku umeme umekatika, nikairudisha mara nne. Mtu anayeweza kulipiga lile piano mpaka likatetemeka, anakaa nyuma ya zumari na anafurahi. Jibu la swali lako mie naliona pale pale.

Ama kutunza, hapana mdogo wangu, usiende na noti mkononi. Wao wanampa shada la maua mwisho, wanasimama, wanapiga makofi mpaka arudi awaongeze kipande. Na katikati, baina ya sehemu na sehemu, siku hizi makofi hayapigwi, ingawa zamani walipiga, mtunzi Mozart mwaka 1778 alimwandikia baba yake kutoka Paris kwamba watu walishangilia simfoni yake ingali inapigwa, naye alifurahi mno. Wewe kaa kama unavyokaa kwenye bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab, hakuna anayeinuka kutunza bashraf, tunasikiliza kwanza.

Na hicho kipande cha kuongeza, mara nyingi huyu bibi anapiga sonata, kipande kifupi, ya mtunzi wa zamani Scarlatti, namba yake K. 141. Hapo yuko peke yake, dakika chache tu. Tazama mkono wa kulia, kitufe kimoja anakigonga vidole vikipokezana mbio mbio, ukifumba macho utaapa ni risha ya udi inatetemeshwa. Scarlatti alikaa Hispania miaka mingi, na magita ya kule yamo mle ndani.

Ijaribu kwenye kanuni yako, polepole kwanza, vidole viwili kwa uzi mmoja, halafu niandikie imekutokaje.